Kazi Ndiyo Iliyomwacha

Dada wa dirishani, pale ofisi ya mfuko wa hifadhi ya jamii, aliisoma skrini mara ya pili, kisha akaisukuma miwani yake puani kama mtu anayejipa muda wa kutafuta maneno.

"Dai lako limesimamishwa," alisema. "Mwajiri anasema hukuachishwa. Anasema uliacha kazi mwenyewe."

Mwanamke aliyesimama mbele yake alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeletewa salamu za rambirambi za kifo chake mwenyewe. Kazini walimwita Chapchap, kwa sababu mikono yake haikujua kwenda taratibu, na jina likamganda mpaka majirani nao wakalidaka. Siku hiyo mikono yenyewe ilikuwa imeshika ukingo wa dirisha, imetulia tuli.

"Dada yangu, mimi sikuacha kazi. Kazi ndiyo iliyoniacha. Tulikuwa na mkataba wa muda, muda ukaisha, tukaambiwa asanteni na kwaherini. Kundi zima."

"Nikuamini nisikuamini, haikusaidii. Taarifa inasema uliondoka kwa hiari, tena baada ya maneno na wakubwa wako. Aliyeondoka kwa hiari hana fao la kukosa kazi."

"Nani kaileta taarifa hiyo?"

"Kiwanda. Imethibitishwa na msimamizi wa zamu yako."

Msimamizi wa zamu ya Chapchap alikuwa wifi yake. Si wifi wa kuitana mtaani kwa kutaniana, bali wifi hasa, dada mkubwa wa mumewe, tumbo moja.

Foleni nyuma yake ilianza kukohoa. Dada wa dirishani akainamisha kichwa karibu na kitundu cha kioo. "Unaweza kulifuta dai, yakaishia hapa. Au unaweza kupinga. Ukipinga, wiki ijayo kutakuwa na kikao, na kiwanda kitaitwa pamoja na huyo msimamizi. Kama una shahidi, mlete. Ila nikuambie ukweli, ikionekana wewe ndiye uliyedanganya, utafungiwa. Hata ukipata kibarua kingine kikaisha, hutasikilizwa kwa muda mrefu."

"Wenzangu wa kiwandani wamefanyaje?"

Dada yule aliangalia pembeni. "Wamefuta. Wote waliokuja."

Nyumbani kwa Chapchap kulikuwa na binti anayesoma, mama mkwe anayeishi kwa dawa, na mume ambaye kazi zake zilikuja na kukatika kama umeme. Akafikiria kugeuka aende zake. Badala yake akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Andika kwamba napinga."

Kibarua chenyewe alikipata kwa mkono wa wifi huyo huyo. Kilikuwa kiwanda cha kufulia, jengo refu lenye mvuke, ambamo mashuka ya hoteli na hospitali yaliingia yakiwa malundo ya uchafu na kutoka yakiwa meupe, yamekunjwa pembe kwa pembe. Kiwanda kilipopata hospitali nyingine mbili za kuhudumia, kikahitaji mikono ya haraka, na wifi akampigia simu: "Njoo kesho asubuhi, vaa viatu vya kufunika vidole, na usinitie aibu." Hakumtia aibu. Walisimama pamoja kwenye mashine kubwa ya pasi, ile yenye rola ya moto, shuka likitoka huku mmoja kashika pembe hizi na mwenzake pembe zile, wanakutana, wanaachana, wanakutana tena, mpaka wakawa hawahitaji hata kuangaliana. Wifi hakuwa mtu wa sifa. Siku moja tu alimwambia, "Wewe laiti ungekuja hapa zamani," na Chapchap akaondoka na maneno hayo kama mtu aliyepewa zawadi.

Kisha hospitali moja ikajenga chumba chake cha kufulia, mashuka yakapungua, na vibarua wakaitwa kwenye mlango wa nyuma. Aliyewaita ni wifi. Alisema mkataba wenu umeisha, msimu umepita, bosi anashukuru, kila mtu arudishe aproni. Hakuna aliyegombana na mtu. Jioni hiyo mumewe Chapchap alikuwa anapaka rangi ukuta wa duka la jirani, akaja kumchukua, akasimama pale mlangoni na ndoo yake mkononi mpaka dada yake alipomaliza kusema. Kisha wakaondoka wawili, yeye kabeba ndoo, mkewe kabeba viatu.

Kwa hiyo shahidi alikuwepo. Na shahidi huyo alikuwa mdogo wake msimamizi.

*

Fundi rangi alikuwa uani anaosha brashi zake pale mkewe alipomweleza. Alikuwa mwanamume mrefu, mpole, mwenye kigugumizi tangu utotoni. Akiwa ametulia, maneno yake yalitoka bila shida. Akibanwa, neno lilikwama kooni kama mlango uliovimba kwa mvua, na yeye hakupenda watu wamwone akilisukuma. Ndiyo maana alichagua kazi ya kuzungumza na kuta.

"La-labda wamekosea tu," alisema.

"Wamekosea watu wote kwa mpigo?"

"Nitampigia dada."

"Mpigie. Lakini mimi sikuulizi kuhusu dada. Nakuuliza wewe. Siku ile ulikuwepo au hukuwepo?"

Aliendelea kuikamua brashi ingawa ilishatakata zamani. Rangi ya mwisho iliyobaki kwenye vidole vyake ilikuwa ya bluu. "Nilikuwepo," alisema hatimaye.

"Basi utakuja kusema."

Kutoka chumba cha ndani kikasikika kikohozi cha mama mkwe, kile kikohozi cha kuwajulisha watu kwamba wanasikika. Nyumba ilikuwa ndogo, na masikio ya bibi yule hayakuwahi kuugua hata siku moja.

Tangu jioni hiyo nyumba iliingia ubaridi. Si kwamba waligombana. Waliulizana chumvi iko wapi, wakajibiana. Waliambiana maji yamechemka. Lakini fundi rangi akaanza kuondoka mapema kuliko kawaida, na akirudi anakaa uani hata kama hana brashi ya kuosha. Chapchap alimwelewa, na kumwelewa ndiko kulikomtia hasira zaidi. Dada yule ndiye aliyemlea fundi rangi, mama yao alipokuwa akishinda kwenye vibarua. Ndiye aliyesimama mbele ya walimu na wauza maduka akisema, "Anachotaka kusema ni hiki," na mdogo wake anatikisa kichwa nyuma yake. Utamwambiaje mtu kama huyo aende mbele ya meza aukane mdomo uliomsemea maisha yake yote?

*

Wifi alikuja Jumapili, kama ilivyokuwa desturi yake, na mfuko wa dawa za mama. Alikaa kwanza na mama yake chumbani, wakaongea ya magoti na hali ya hewa. Kisha akaja jikoni, akaufunga mlango kwa mgongo wake.

"Nimepata barua ya kuitwa," alisema.

"Karibu kiti, wifi."

"Sikai. Lifute hilo dai."

Chapchap alikuwa anaosha vikombe. Akakiweka chini kimoja, polepole. "Kwanza niambie. Ni wewe uliyesema niliacha kazi?"

"Ni mimi niliyeweka sahihi."

"Kuna tofauti gani?"

"Ipo, na ungekuwa mahali pangu ungeijua." Wifi alijipangusa uso kwa kiganja. Kwa karibu alionekana amekonda. "Sikiliza. Kiwanda kikionekana kinamwaga watu hovyo, michango yake kwenye mfuko inapandishwa. Bosi hataki. Akaniletea karatasi zimeshajazwa, akaniambia weka sahihi, la sivyo msimamizi mwingine ataziwekea na mimi nitakaa benchi na hao vibarua wangu. Sina cheti, wifi. Nimeanzia kufua kwa mikono pale. Nikitoka pale hakuna atakayeniita msimamizi wa chochote."

"Na sisi?"

"Nyinyi mtapata kibarua kingine. Wewe hasa. Mambo yakikaa sawa nitakurudisha, nakuahidi."

"Lini?"

Wote wawili walijua mashuka hayaongezeki.

"Wifi," Chapchap akasema, "ningekuwa peke yangu ningelifuta. Wallahi ningelifuta, kwa sababu wewe ndiye uliyenipa kazi. Lakini niko na watu nyuma."

"Watu gani?"

"Mrefu, mwenzetu wa zamu yako. Ameuza cherehani yake. Wengine wananisubiri waone yangu yanaishia wapi ndipo nao warudi kupinga."

"Kwa hiyo umejifanya mwenyekiti wa chama."

"Sikujifanya. Waliniuliza nitafanya nini, nikawaambia."

Wifi alifungua mlango, kisha akaufunga tena. Aliposema, alisema kwa sauti ya chini ambayo Chapchap hakuwahi kuisikia. "Dawa za yule mzee pale ndani zinatoka kwenye mshahara wangu. Unajua hilo. Ukiniweka mbele ya watu nikaonekana mwongo, nafukuzwa, na dawa zinakwisha. Halafu wewe utamweleza kwa nini. Na ukimleta mdogo wangu kunishuhudia, ukimsimamisha mbele ya watu ahangaike na ule ulimi wake, basi mimi na wewe tumemalizana. Usije hata kwenye mazishi yangu."

Akatoka bila kuaga. Vikombe vilibaki na povu.

Mama mkwe alimwita baadaye. Alikuwa ameketi kitandani, mfuko wa dawa mapajani, hajaufungua. "Nimesikia," alisema, kana kwamba kulikuwa na mtu aliyedhani hakusikia. "Sitakuambia nenda wala usiende. Huyu ni mtoto wangu na wewe umekuwa mtoto wangu. Mkinipasua katikati nitakuwa sina faida kwa upande wowote."

"Mama, nifanye nini?"

"Ningekuwa najua, ningekuwa nimeshawaamua tangu jikoni." Akamtazama. "Mwanangu atakuja kusema?"

"Hajaniambia."

"Hakwambii kwa sababu hajui. Usimsukume. Yule ukimsukuma anafunga kabisa."

*

Asubuhi ya kikao fundi rangi alivaa nguo zake za kazi, zile zenye matone ya kila rangi aliyowahi kupaka. Chapchap alimwangalia akifunga kamba za viatu.

"Kuna ukuta natakiwa niumalize," alisema bila kuinua kichwa.

Chapchap alikuwa na maneno mengi tayari kwenye ulimi, maneno makali, aliyoyanoa wiki nzima. Akayameza yote. "Haya," alisema. "Kazi njema."

Alikwenda peke yake. Jengo la mfuko lilikuwa na ngazi za saruji zilizolika katikati, na kikao kilikuwa ghorofani, katika chumba chenye meza ndefu na dirisha lisilofunguka. Mwenyekiti wa kikao alikuwa mzee mwenye sauti ya taratibu aliyeandika kila kitu kwa mkono. Upande wa pili wa meza aliketi afisa utumishi wa kiwanda, kijana mwenye tai nyembamba na tabasamu la kuuza kitu. Pembeni yake, wifi. Alikuwa amevaa gauni lake la harusi za watu. Chapchap alisema, "Shikamoo, wifi," kwa mazoea tu. Wifi akaitikia, "Marahaba," naye kwa mazoea, na macho yake yakabaki mezani.

Afisa utumishi alianza. Alisema kiwanda kinawathamini vibarua wake, na kwamba inasikitisha sana mtu kuondoka kwa hasira kisha kurudi kudai. Alizungumza vizuri, utadhani anasoma hotuba ya kuhitimu. Kisha mwenyekiti akamgeukia wifi.

"Wewe ndiye uliyekuwa msimamizi wake. Ieleze siku ya mwisho."

Wifi alikohoa. "Alikuja akasema amechoka. Nikamwambia avumilie. Akasema hawezi tena kazi ya namna hii." Akasita, kisha akaongeza, labda kwa kuwa aliona maneno yake ni membamba mno, "Akavua aproni akaitupa."

Chapchap alikuwa amejiandaa kwa uongo. Lakini hilo la kuitupa aproni lilimchoma mahali ambapo hakujiandaa. Alitaka kusimama, aseme kwa sauti mambo yote ya ukoo mpaka ya babu, na akajua akifanya hivyo atakuwa amewapa kile walichokuja kukitafuta, mwanamke wa ugomvi. Akaikamata meza chini kwa mikono miwili.

"Una la kumuuliza shahidi?" mwenyekiti alimuuliza.

"Sina."

Afisa utumishi akatabasamu zaidi.

"Na una shahidi wako?"

"Nilikuwa naye," Chapchap alisema. "Lakini amepata kazi leo."

Mwenyekiti aliandika. Kalamu ilisikika ikikwaruza karatasi. Akapindua ukurasa, akaanza kusema kwamba kwa kuwa maelezo ya upande mmoja yamethibitishwa na msimamizi na ya upande wa pili hayana mtu wa kuyaunga mkono, yeye hana namna isipokuwa... Hapo mlango ukagongwa.

Fundi rangi aliingia akiwa na nguo zilezile, kofia mkononi. Jasho lilimtiririka. Alisimama karibu na mlango kana kwamba amekuja kuuliza rangi gani wanataka.

"Wewe ni nani?" mwenyekiti aliuliza.

"Ni m-mume wake."

Afisa utumishi akainua mkono. "Mheshimiwa, huyu ni mume. Lazima amtetee mkewe. Ana maslahi yake hapa."

"Inawezekana," mwenyekiti alisema. "Tumsikilize, nitapima mwenyewe. Wewe bwana, unamfahamu huyu msimamizi?"

Fundi rangi alifungua kinywa. Hakuna kilichotoka. Ni wifi aliyejibu, kwa sauti ndogo.

"Ni mdogo wangu."

Tabasamu la afisa utumishi liliondoka. Akamtazama wifi, akamtazama yule mwanamume mwenye nguo za rangi, akarudi kwa wifi. Ilikuwa wazi kwamba hilo hakuna aliyemwambia.

"Haya," mwenyekiti alisema. "Siku ya mwisho ya mkeo kazini ulikuwa wapi?"

"Mlangoni. Mlango wa nyuma."

"Uliona nini?"

Na hapo ndipo neno lilipokwama. Lilikuwa neno "dada." Alilianza, likagoma. Akalianza tena. Mishipa ya shingo ilimsimama, kope zikafumba, na chumba kizima kikajaa ile herufi moja isiyotaka kwenda mbele wala kurudi nyuma. Chapchap aliangalia magoti yake. Alijilaumu kwa kumfikisha pale. Dakika hiyo angelifuta dai na kulipia na faini juu, ili mtu huyu tu aachwe arudi kwenye ukuta wake.

"Nadhani anataka kusema hana uhakika," afisa utumishi alisema, kwa upole wa kuchukiza. "Si ndiyo, bwana? Huna uhakika na ulichosikia?"

"Mwache."

Aliyesema alikuwa wifi. Alikuwa amegeuka kwenye kiti chake, anamtazama yule kijana wa tai kwa jicho ambalo vibarua wote wa zamu yake walilifahamu.

"Nilikuwa najaribu tu kumsaidia—"

"Usimsaidie. Mwache amalize mwenyewe."

Mwenyekiti aliweka kalamu chini, akakunja mikono, na kusubiri kama mtu asiye na pa kwenda. Wakasubiri wote. Huko nje mtu alikuwa anaburuta meza kwenye ukumbi.

"Dada yangu," fundi rangi alisema hatimaye, na baada ya hapo maneno yalikuja moja moja, kila moja na jasho lake, lakini yakaja. "Dada yangu aliwaambia mkataba umeisha. Wote. Akawaambia bo-bosi anashukuru. Mke wangu hakugombana na mtu. Akakunja aproni yake, akampa dada. Tukaenda nyumbani." Akavuta pumzi. "Si-sikuja kumharibia dada. Mimi nilikuwepo tu. Siwezi kusema sikuwepo."

Mwenyekiti alimgeukia wifi.

"Mama, nitakuuliza mara nyingine tena, na safari hii fikiri kwanza. Unajua kutoa taarifa ya uongo hapa ni kosa. Maelezo yako yanabaki vilevile?"

Afisa utumishi akamnong'oneza jambo. Wifi hakugeuka kumsikiliza. Alikuwa anamtazama mdogo wake, aliyekuwa bado amesimama, anaikamua kofia yake kama brashi mbichi.

"Alivyosema ndivyo ilivyokuwa," wifi alisema. "Hakuitupa aproni. Karatasi zililetwa zimeshajazwa, mimi nikatia sahihi."

"Zililetwa na nani?"

"Na ofisi ya huyu." Alimwonyesha kijana kwa kidole, bila hasira, kama anayeonyesha doa kwenye shuka.

*

Dai la Chapchap lilipita. Mwenyekiti aliagiza pia taarifa za vibarua wengine wa kiwanda kile zifunguliwe upya kwa yeyote atakayekuja kupinga, na wifi akapewa onyo la maandishi badala ya adhabu, kwa kuwa alisema kweli kabla kikao hakijafungwa. Nje, kwenye zile ngazi, wifi aliwapita mume na mke bila kusimama. Fundi rangi alimwita, "Dada." Safari hii neno halikukwama. Dada hakugeuka.

Kiwanda hakikumfukuza. Kilijua sasa kuna macho yanakitazama. Kilimvua usimamizi tu, kikamrudisha kwenye mashine za kukaushia, kule kwenye joto, chini ya msichana ambaye wifi mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Mshahara ukapungua. Mwezi ule dawa za mama mkwe zilinunuliwa kwa fao la Chapchap, na bibi alizipokea kwa mikono miwili, akasema asante, kisha akageukia ukutani. Furaha ya kushinda Chapchap hakuipata. Alikuwa akisikia mlango unagongwa anashtuka. Mrefu alikuja kumkumbatia barazani, akamnyanyua juu kabisa, na hata pale alijikuta akiangalia njia, kama kuna mtu atapita akawaona.

Fundi rangi naye alikwenda kwa dada yake mara kadhaa. Kila mara alirudi mapema. "Hajafungua," alisema, na kwenda zake uani.

Wifi aliendelea kuja Jumapili, kwa ajili ya mama yake. Alipita sebuleni kama mtu apitaye mtaa asioujua, akakaa chumbani, akatoka. Salamu alimpa binti wa Chapchap tu. Chapchap aliacha chai mezani kila Jumapili, na kila Jumapili ilipoa.

Hali iliendelea hivyo mpaka Jumapili moja ya mvua, ambapo wifi alitoka chumbani kwa mama yake na kukuta mvua imeziba njia. Alisimama mlangoni, mwavuli mkononi, anaitazama. Chapchap alikuwa anapiga pasi sare ya binti yake kwenye meza ya chakula. Walikuwa peke yao.

"Mrefu amelipwa?" wifi aliuliza, mgongo wake bado uko kwa Chapchap.

Chapchap alisimamisha pasi. "Amelipwa."

"Na wengine?"

"Wamebaki wawili. Yule wa kupanga mataulo, na yule mama mwenye mguu mbaya. Wanaogopa kikao. Wanasema hawana shahidi."

Wifi akatikisa kichwa, kwa maana ambayo ingeweza kuwa yoyote. Maji yalikuwa yanaruka kutoka kwenye mfereji wa bati mpaka kwenye viatu vyake, naye hakuvisogeza.

"Bado nina kinyongo na wewe," alisema. "Usidhani sina."

"Hata mimi ninacho. Ulisema niliitupa."

"Nilisema." Akaugeuza mwavuli mkononi. "Hilo la aproni hakuna aliyeniagiza. Nilijiongezea mwenyewe."

Pasi ilikuwa inawaka bure, Chapchap akaizima.

"Waambie hao wawili waandike jina langu," wifi alisema. "Kwenye ile nafasi ya shahidi. Siku za katikati ya wiki nina zamu ya jioni, kwa hiyo kikao kiwe asubuhi."

"Kule kiwandani watakufanyaje?"

"Wameshanipeleka kwenye vikaushio. Baada ya hapo kuna mlango tu." Akaufungua mwavuli ingawa mvua haikuwa imepungua, akatoka, akaenda zake kwa hatua ndefu akiruka madimbwi. Chapchap alisimama kizingitini akimwangalia mpaka alipokata kona. Kisha akatafuta simu yake, akampigia yule mama mwenye mguu mbaya.